Taya la Martine

25 Agosti

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa hasira. Maji yaliingia chini ya mlango wa chumba changu kule mwisho wa korido ya hospitali. Nikapandisha mashini na waya zake zote juu ya meza, nami nikapanda juu ya ile nyingine kama kuku. Nilisoma Kampala, nikarudi Bunia na diploma yenye muhuri mwekundu, na leo nimeshinda nikisukuma maji kwa rakleti ya mpira. Sawa tu. Kifaransa ni cha ripoti. Daftari hili ni langu, nitalalamika kwa Kiswahili.

Kaka yangu Mbusa anauza mabati na sima ya kujengea sokoni, na mpaka leo hajaelewa kazi yangu. Nimemweleza tena wakati wa kula. Skana inakata kichwa cha mgonjwa vipande vyembamba, kama mkate. Vipande vinafika kwenye mashini yangu, na miye ninavipanga upya, mfupa kwa mfupa, mpaka kichwa kizima kinasimama kwenye skrini na ninaweza kukigeuza huku na huku. Hivyo daktari anajua njia ya kisu kabla ya kushika kisu. Mbusa akacheka na tumbo lake lote.

"Adeline, weye uko unachora nyumba mahali hapana sima," akasema.

Nilinyanyua sahani yake kabla hajamaliza. Mujinga yule.

26 Agosti

Mgonjwa mpya. Anaitwa Martine, ametoka vijiji vya juu ya Kpandroma, na sasa anaishi na mama yake chini ya bashi ya turubai, kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni ya muji. Aliingia na kitenge kimefungwa kuanzia puani kwenda chini. Nilipomwambia akifungue kwa ajili ya skana, alingoja kwanza fundi wa skana atoke nje.

Taya lake la kushoto limevimba kama amefungia chungwa shavuni. Uvimbe ule ulianza polepole miaka iliyopita, na tangu walipokimbia umeenda mbio.

"Yaya, weye ni dokta?" akaniuliza, kama anayemuuliza dada yake mkubwa.

"Hapana. Ninatengenezaka tu kichwa chako ndani ya mashini."

"Afadhali. Madokta wanaangaliaka shavu tu. Hata jina hawaulizi."

Nikamuuliza jina, ijapokuwa liko kwenye fishi yake ya hospitali, na akacheka. Anacheka na macho tu, kinywa hakifunguki vizuri.

30 Agosti

Mvua. Umeme umekatika mara mbili, na mara ya pili nilikuwa sijahifadhi kazi. Nimetukana mpaka mfagiaji akaja kuangalia ni nani anapigana.

2 Septemba

Taya la Martine ni gumu. Mashini inatambua mfupa kwa weupe wake, lakini uvimbe umekula mfupa, na mahali umekula rangi inakuwa kama ya nyama. Mashini inaona hakuna kitu pale, inaacha shimo. Basi ninapaka rangi kwa mkono, kipande kwa kipande, nikijiuliza kila mara: hapa ni Martine ao ni ugonjwa? Macho yananiwasha.

Mpango ni huu. Dokta Serge, mpasuaji wa mataya aliyeko Kampala, atakuja na timu yake mwezi wa kumi. Ninamtumia modeli, yeye anaichapa kwa plastiki kule, na juu ya plastiki ile anapinda plaki, bamba la titani, ifuate taya la Martine barabara. Siku ya operesheni wanakata sehemu mbovu, wanafunga plaki, uso unabaki uso. Nimekwisha kufanya hivyo kwa watu wengine na imefaulu. Hii ndiyo sababu ninavumilia maji chini ya mlango.

4 Septemba

Leo nimefurahi, acha niandike.

Martine alikuja kubadilishiwa dawa, mvua ikamfungia hapa. Korido ilikuwa imejaa watu waliolowa, nikamwambia aingie kwangu. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu tamu ya kazi. Upande mbovu tunautoa wote, kisha tunachukua upande muzima, wa kuume, tunaugeuza na kuuweka kushoto, na plaki inafuata umbo lile. Nikafanya mbele yake. Kisha, kwa furaha, nikaongeza ngozi. Ngozi Serge hajaniomba. Ngozi ilikuwa ya kumuonyesha Martine tu.

Uso wa kijivu, macho yamefungwa, kichwa hakina nywele, lakini mashavu mawili sawasawa na kidevu katikati. Akapeleka kidole kwenye skrini, akakirudisha kama moto umemchoma.

"Ni nani?"

"Ni weye. Baada ya operasyo."

"Ni miye?"

"Ni weye kabisa."

Akafungua kitenge chake kabisa, mara ya kwanza bila kuombwa, akaangalia skrini, akajishika shavu, akaangalia tena. Akalia, na miye nikalia, wajinga wawili ndani ya chumba chenye harufu ya unyevu. Akaomba picha. Nikamchapia kwenye karatasi ngumu, akaivingirisha katika plastiki ya sukari, akaitia kifuani, akaondoka na mvua haijaisha.

9 Septemba

Kambi nzima imeona ile picha. Mama mmoja aliyeleta mtoto wa malaria ameniuliza kama ni miye "mwenye kurudisha nyuso". Nilikataa, lakini nimetembea na kichwa juu siku nzima.

11 Septemba

Nimegombana na Dokta Hippolyte. Yeye ndiye mpasuaji wetu, mtu mrefu, mkavu, anavaa buti za plastiki hata ndani ya ofisi. Anakata kila kitu: mimba, matumbo, miguu ya watu wa dhahabu walioangukiwa na udongo kule Mongbwalu. Sura ya mtu kwake ni anasa.

Aliingia bila kubisha. "Martine, ninataka kumupasua juma hili."

"Bila plaki?"

"Bila plaki. Ninatoa taya ya kushoto, ninafunga. Ataikala na shavu iliyoanguka, kidevu itaenda pembeni, mate itamusumbua. Lakini ataishi. Uvimbe huu sipendi namna unaenda."

"Serge anakuja mwezi wa kumi, Dokta. Ni majuma tu."

"Serge yuko Kampala. Miye niko hapa."

Martine alikuwa amekuja kubadilishiwa dawa, tukaenda wote wawili wodini kumuuliza. Hippolyte akamweleza kila kitu, polepole, hata ile ya mate hakuificha. Martine akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa picha kifuani, akaifungua, akaiweka juu ya magoti ya daktari.

"Miye nitangojea hii," akasema.

Hippolyte aliiangalia muda mrefu. Kisha aliniangalia miye. Akakunja karatasi vizuri, akamrudishia, akaenda na buti zake.

Nilishinda! Nimemwambia Mbusa jioni kwamba leo mgonjwa amechagua sayansi, amemkatalia mkata nyama. Hata yeye alinisifu.

15 Septemba

Mvua.

16 Septemba

Mvua, na paa la wodi ya watoto limevuja. Modeli imekwenda kwa Serge. Amejibu: "Kazi safi sana, dada." Nimeisoma zaidi ya mara moja, sitakana.

24 Septemba

Serge amepiga simu. Timu haitakuja mwanzo wa mwezi wa kumi. Barabara ya kuelekea ziwani haipitiki, kumepigwa risasi upande wa Bogoro, na kwa ndege kampuni ya bima yao haikubali Bunia kwa sasa. Labda katikati ya mwezi. Plaki tayari, imekaa vizuri juu ya plastiki, amenitumia na picha yake. Inang'aa kama kijiko kipya.

Nikamwambia Martine. "Haina neno, yaya," akasema. "Nimekwisha kuzoea kungoja. Huko kambini siye wote kazi yetu ni kungoja." Akanitania kwamba nimenona kwa mvua. Nimenona kweli, ni bugali ya mke wa Mbusa.

Hippolyte alimuuliza tena. Akakataa tena.

1 Oktoba

Hakuna kitu.

6 Oktoba

Martine hawezi tena kula bugali, anakunywa uji kwa pembe ya mdomo. Hippolyte akaagiza skana mpya, nikafanya modeli ya pili, kisha nikaweka ya kwanza na ya pili pamoja kwenye skrini, moja juu ya nyingine.

Hazilingani. Uvimbe umepita mpaka ule niliouweka mwezi wa tisa. Mahali ambapo skrubu za plaki zilipaswa kushika mfupa mzima, sasa ni shimo. Ile plaki inayong'aa kama kijiko imepindwa kwa taya ambalo halipo tena.

Nikamwandikia Serge. Akajibu, tuma mpya, tutapinda nyingine. Basi ninaanza tena, kipande kwa kipande. Ninapomaliza itakuwa picha ya taya la leo, na Martine ataendelea na kesho yake. Kampala hawakutufundisha hii. Kule mgonjwa anafanyiwa skana Jumatatu, Alhamisi yuko mezani.

8 Oktoba

Umeme hakuna tangu jana. Mafuta ya jenereta ni ya chumba cha upasuaji tu, nami ninakubali ni haki, lakini inaniuma.

10 Oktoba

Umeme umerudi. Ninapaka.

13 Oktoba

Ninapaka. Modeli ya pili imekwenda.

17 Oktoba

Serge: "Mwezi wa kumi na moja, kwa hakika." Kile kipande cha nyama ya uvimbe wa Martine tulichopeleka Kampala kupimwa nacho kimejibiwa. Uvimbe umegeuka, ni kansa sasa.

Hippolyte alikuja na karatasi ya majibu mkononi. Alivua buti mlangoni kwa sababu zilikuwa na tope, akaingia na soksi, akaikala kwenye kiti cha wagonjwa. Soksi moja ilikuwa na tundu. Nilikuwa sijawahi kumuona amechoka. Nilifikiri amekuja kuniambia "si nilikuambia", nikajiandaa kumjibu.

"Madame Adeline," akasema, "miye hanisikilize. Weye anakusikiliza. Twende pamoja kambini."

Basi. Hakuna lingine. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nikayameza.

18 Oktoba

Tulienda kwa piki moja, watatu na dereva, na tope mpaka magotini. Bashi zimefuatana kilima kizima, maji yanapita katikati yao kama mito midogo. Mama Martine alitupa viti viwili vya mianzi, yeye akaikala chini. Nilikataa kukaa kitini yeye akiwa chini, tukabishana, mwishowe wote tukaikala chini isipokuwa Dokta, ambaye magoti yake hayakunjiki.

Martine alikuwa amelala na kitenge juu ya uso. Ile picha ameitundika juu ya kichwa chake kwa pini, kwenye bashi. Unyevu umeanza kuikunja pembe.

Nikasema kile nilichokuja kusema. Kwamba ugonjwa umebadilika. Kwamba Dokta Hippolyte amupasue juma hili, na tukingoja Serge tunaweza kupoteza yote. Nilisema vizuri, nafikiri. Akaniacha nimalize.

"Yaya, ni weye ulisema," akajibu. Sauti yake inatoka puani sasa. "Ulisema ni miye kabisa."

"Nilisema vibaya, Martine. Ile ilikuwa namna inaweza kuwa."

"Hapana. Hukusema inaweza."

Ni kweli, sikusema inaweza.

Mama yake akaingilia: "Musimulazimishe. Hamujui namna aliishi."

Martine akaikala. Akasema kwamba tangu uvimbe utokee hajala mbele ya watu, hata mbele ya mama yake anageuka ukutani. Kwamba mwanaume aliyekuwa ametoa mbuzi wa mahari kwao alirudi kuchukua mbuzi wake. Kwamba siku ya kukimbia, watu wakipita njia moja usiku, mtoto wa jirani alimuogopa yeye kuliko risasi. Aliyasimulia kama kichekesho, na mama yake akacheka kidogo. Miye sikuweza.

"Dokta, nakuheshimu," akamwambia Hippolyte. "Lakini weye unaniondoa katika kuficha moja na kunitia katika kuficha ingine. Nimechoka kitenge. Nitangojea."

Hippolyte akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wake. "Mutoto wangu, ukingoja utakufa."

"Na kwetu nani hafe?" akasema. "Angalia inje."

Tulirudi. Mbele ya hospitali nilimwambia Dokta kwamba kosa ni langu, ile picha haikuwa ya kumpa. Ningependa anitukane. Akasema tu kwamba yeye angekuwa Martine labda naye angengoja, akaenda kumpasua mwanamke aliyekuwa anamngojea tangu asubuhi. Nami nilimwita mtu huyu mkata nyama. Nimeona haya.

22 Oktoba

Mvua.

23 Oktoba

Mbusa ameniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Nikamjibu vibaya. Akaniletea soda, akaiweka mezani, akaenda.

27 Oktoba

Nimekwenda kambini peke yangu. Martine hakutaka kuniona, mama yake alisema amelala. Niliona kitenge kinasogea.

2 Novemba

Martine amekuja mwenyewe. Mama yake na wanaume wa kambi walimbeba kwa kitanda cha miti kutoka kilimani, kwa sababu piki haziwezi kupanda tope lile. Damu ilitoka kinywani tangu alfajiri na haikukatika mpaka Hippolyte alipoziba na vitambaa.

Alipoweza kusema, alimwambia Dokta: "Nakubali. Pasua."

Hippolyte akanitazama, nikaelewa. Anahitaji kuona mahali atapita. Skana mara moja, na dawa ndani ya mishipa ili mishipa ionekane, kisha vipande kwangu.

3 Novemba

Sikutoka chumbani. Jenereta walinipa, bila kuuliza. Hippolyte ndiye aliyeagiza.

Ni modeli nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ninaandika hivyo kwa uchungu, si kwa majivuno. Mkono umezoea kichwa chake, ninajua kila tundu la mfupa wake kuliko ninavyojua njia ya kwetu Butembo. Mfupa nimeupa rangi nyeupe, mishipa nyekundu, uvimbe njano. Hakuna mahali mashini imekisia, kila kipande nimekipitia mwenyewe.

Hippolyte alikuja, akavua buti, akaikala karibu yangu.

"Geuza," akasema. Nikageuza.

"Tena. Inua kidevu."

Njano imezunguka mshipa mkubwa wa shingo pande zote, na juu imepanda mpaka chini ya fuvu, inaingia kwenye matundu mishipa inamopitia kwenda ubongoni. Hakuna upande wa kuingilia. Nikageuza huku, nikageuza kule, nikaondoa mfupa, nikaurudisha. Daktari alinyoosha kidole mara moja, kama anatafuta mlango, akakirudisha.

"Mashini inaweza kukosea?" akaniuliza.

Maisha yangu yote ya kazi nimengoja Hippolyte aniulize kitu kuhusu mashini yangu. "Inaweza," nikasema. "Lakini hii haikukosea."

"Mu septembre ningepita hapa." Akaonyesha mahali. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anajisemea. Kisha akasema nizime, tunamaliza mafuta.

4 Novemba

Nilimwomba Dokta nimwambie miye. Akakubali, akasimama mlangoni.

Martine amekaa na kitenge shingoni, si usoni. Ameacha kuficha. Nikamwambia kwamba hakuna njia, kwamba akipasuliwa atafia mezani, kwamba Dokta atamfungulia tundu shingoni apate kupumua, na dawa za maumivu zitakuwepo. Nilimshika mkono, akauacha mkono wake ndani ya wangu kama kitu alichosahau.

"Na Serge na plaki yake?"

"Hata Serge hawezi sasa."

Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Sasa yule wa kwenye picha ni nani?"

Nilisema pole, nikasema tena pole, neno likaisha maana mdomoni mwangu. Mama yake akaniomba nitoke, mtoto apumzike.

5 Novemba

Tundu la shingo limefunguliwa. Hawezi kusema tena.

7 Novemba

Nimekwenda wodini. Ameniona, amegeukia ukuta.

9 Novemba

Vilevile.

10 Novemba

Leo hakugeuka. Alinionyesha tumbo langu kwa kidole, kisha akavimbisha mashavu hewani kwa mikono yake miwili: nimenona. Nilicheka, nikatoka haraka, nikalia nyuma ya jengo la maiti kwa sababu ndipo peke yake hapana watu.

13 Novemba

Martine amefariki asubuhi, mvua ikinyesha. Hippolyte alikuwepo, miye sikuwepo.

Saa za mchana Serge akaandika: ndege imekubaliwa, timu inafika juma lijalo, plaki mpya imekaa vizuri sana juu ya modeli. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba njia imefungwa. Sijamjibu. Nimempa Hippolyte simu, yeye ndiye amejibu.

14 Novemba

Mama Martine amekuja chumbani kwangu. Nilifikiri amekuja kunilaani, nikasimama nilaaniwe vizuri. Amekuja kuomba picha. Kwenye kilio lazima kuwe na picha ya marehemu katika fremu, itangulie jeneza, iwekwe mezani watu waione. Picha za zamani za Martine ziliungua na nyumba, na tangu augue hakukubali mtu ampige picha. Ile ya kwenye bashi mvua imeiharibu.

"Unipe ile, Madame Adeline. Kubwa."

Nikamwambia ile si picha. Ni upande mmoja tu uliogeuzwa, na ngozi niliichora miye. Akanitazama kama ninazungumza Kifaransa.

"Nina nini ingine?" akauliza.

Tukaenda wote kwa Papa Osée, mwenye studio karibu na soko kuu, yule anayewavalisha watu koti na kravati kwa picha za pasipoti. Aliikagua kwenye mashini yake. "Huyu hana nywele, macho yamefungwa. Nitamuweka foulard ya kichwa na blouse. Buluu ao rose?" Mama akachagua buluu. Macho Osée aliyatoa kwa picha ya mteja mwingine, akayapunguza kidogo, akayaweka. Alifanya kwa heshima, siwezi kumsema. Nilisimama nyuma yake nikiona mtu mwingine anafanya kazi yangu, kwa njia yangu.

Mama Martine alishika fremu kwa mikono miwili, akaivuta karibu, akaisogeza mbali.

"Si yeye sana," akasema. "Alikuwaga na shimo ya kucheka hapa shavuni, kushoto tu. Lakini ni yeye kuliko kile tutafunika ndani ya jeneza."

Shimo la kucheka, kushoto. Nimekaa na kichwa kile msimu mzima na sikujua.

16 Novemba

Tumemzika jana, kilio kinaendelea kambini. Hippolyte alikuja na viatu vya ngozi, mara ya kwanza ninamuona navyo, tope likavila. Mbusa alitoa mabati ya kufunika mahali watu wanakaa, na hakufanya mzaha wowote.

Fremu ilikuwa mezani na maua ya plastiki kando. Wanawake walikuja mmoja mmoja kuiangalia. "Kumbe alikuwa muzuri hivi." "Kumbe." Wengi walimjua kwa kitenge tu. Nilikaa nyuma nikitaka nisionekane, lakini wamekwisha kunijua, ni miye mwenye kurudisha nyuso.

Mama mmoja mzee akaja kukaa karibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ninaweza kumfanyia mtoto wake wa kiume naye picha namna ile. Nikauliza mtoto yuko wapi, anaumwa nini. Akasema haumwi, aliuawa siku nyumba zilipochomwa, na hawana picha yake hata moja, yeye mwenyewe ameanza kusahau pua yake ilikuwaje. Nyuma yake kulikuwa na mwingine amesimama, na mwingine nyuma ya huyo, wanangoja zamu.

Nilimwambia mashini haijui mtu. Mashini inahitaji kichwa chenyewe kilale ndani, hata kikiwa kimeharibika, ndipo miye ninaweza kuanza.

Aliwageukia wenzake, akawaelezea kwa lugha yao. Wakazungumza kidogo. Kisha akanishika bega kama ni miye niliyefiwa.

"Basi, siye hatuna," akasema, akaenda kusaidia kugawa chai.